Wenzangu wa Mchangani, iacheni milango ya watu

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi niseme na wafanyabiashara wenzangu wa madukani Mchangani na Darajani, hapa mjini Unguja, ambao siku hizi hawana mazungumzo mengine barazani ila "watu wa mvunguni". Kwa asiyejua, hilo ndilo jina walilowapa wanawake wanaouza nguo, udi, mashuka na ubuyu majumbani mwao: mzigo uko mvunguni mwa kitanda, duka liko kwenye simu. Sasa imefika kusemwa tuandike barua, manispaa ipite nyumba kwa nyumba kuwasaka. Barua hiyo mimi sitii saini.

Uchungu wenyewe naujua, maana na mimi nina duka la kanga. Kodi ya pango inatakiwa mbele, kuna umeme wa tukuza wa kulipia kabla, kuna kijana wa kumlipa, kuna leseni, na kila doti ikitoka itoke na risiti ya ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar. Halafu anaingia mteja, anaikunjua kanga, anasoma jina, anaifikicha pembeni aone kama rangi itachuja, anaipiga picha na kuirusha kwa mtu wake palepale mbele yangu: "Unayo hii? Bei gani?" Anajibiwa sijamaliza kuikunja. Inauma, sisemi uongo.

Lakini huyo mtu wake kanga kaitoa wapi? Mara nyingi kaitoa kwangu. Yupo mama mmoja wa Jang'ombe huchukua mzigo dukani kwa mali kauli, na Alkhamisi ikifika analeta fedha bila ya kukumbushwa. Kukiwa na arusi mtaani kwao, yeye ndiye anayekusanya fedha za sare, elfu mbili leo, elfu tatu wiki ijayo, mpaka doti zitimie. Kazi hiyo mimi siiwezi, na kijana wangu ndiyo kabisa. Kwa mkono wake nimewauzia watu ambao Mchangani hawaji mwaka mzima. Nilipomtania kwa hilo jina lao alicheka: "Mtaka cha mvunguni huinama. Wateja wenu wanainama wenyewe, mimi siwashiki shingo."

Na huko nyumba kwa nyumba watapita vipi? Baadhi ya wanawake hawa wamo edani. Mjane ana miezi minne na siku kumi hatoki ila kwa dharura, na watoto lazima wale, ndiyo maana anauza barafu na ubuyu dirishani. Wanaume wa manispaa wapige hodi kwake wakague mvungu? Dada yako angekuwa ndiye yeye, ungekubali? Tena mambo haya hayakuja na simu. Bibi zetu walikaanga vitumbua, watoto wakipitisha kwa sinia alfajiri, na wenye maduka walikuwa wa mwanzo kununua.

Ninaloliunga mkono ni jengine. Wapo wenye fedha zao waliozigeuza nyumba kuwa maghala. Gari linashusha marobota usiku, wanauza kwa jumla bila ya risiti, na wakiguswa wanajificha nyuma ya mama wa ubuyu, eti na wao ni wajasiriamali wadogo. Mali yao haienei mvunguni hata kwa vitanda kumi, na wao ndio wanaotuvunjia bei. Wafuatwe hao kwa mauzo yao, kama VAT ya asilimia 15 inavyomfuata aliyefika kiwango cha mauzo na kumwacha asiyefika. Wala hakuna haja ya msako. Sheha anajua uchochoro gani gari la mzigo linaziba njia usiku, na majirani wanajua zaidi ya sheha.

Mwenzangu aliyepita dukani baada ya Laasiri na karatasi ya majina ya kutia saini barua hiyo asirudi nayo. Akitaka bei ya jumla ya kanga zilizoingia wiki hii, karibu, nitampa ileile ninayompa mama wa Jang'ombe. Mali kauli bado, kwanza amalize deni la zamani.

Muuza kanga,
Mchangani, Unguja