Tremolo ya gitaa: msilaumu vifungio vya nyuzi

Mhariri, naomba nafasi niwaambie wapiga gitaa wenzangu, gitaa la umeme likitoka tyuni sio kila mara kosa ni la vifungio vya kukazia nyuzi pale kichwani. Kwenye tremolo inayoelea, yaani briji (kile kipande kinachoshika nyuzi kwenye mwili wa gitaa) inayoyumba ukisukuma mkono wake ili sauti ipande na kushuka, nyuzi zinavuta briji huku na springi za mgongoni zinavuta kule, sasa ukifunga nyuzi nene zaidi briji inanyanyuka, nyuzi zinakaa juu na vidole vinaumia, mimi nimehangaika hivyo miezi kadhaa. Fungua kifuniko cha nyuma, kaza zile skrubu 2 zinazoshika kibao cha springi, robo mzunguko tu, halafu tyuni upya nyuzi zote 6 ndo uangalie tena, hapo usiparuke jamani! Na paka unga wa penseli kwenye vijifereji vya pale juu shingoni, uzi ukikwama hapo haurudi mahali pake hata springi ziwe sawa kabisa.