Mwende, kabla hamjashika njia ya Loiyangalani

Umoja, Nairobi
Jumapili jioni

Mpendwa Mwende,

Hamjambo huko? Watoto wazima? Sisi tunamshukuru Mungu, mama anakusalimu sana, na matope ya mvua ya juzi bado yako hadi mlangoni. Nisikucheleweshe kwa salamu. Leo baada ya ibada Mama Brayo ameniambia mnaondoka Ijumaa na ile Suzuki Jimny yako, watoto wote ndani, hadi Loiyangalani, kule Ziwa Turkana. Nilifurahi! Kisha akanionyesha kwenye simu lile sanduku la vifaa ulilonunua, nikaanza kuwaza.

Mwenzangu, sanduku hilo ni kubwa mno. Mkikaa wanne, buti ya Jimny haibakiwi na nafasi, na maji yenu lazima yaingie mahali. Halafu zaidi ya nusu ya zile soketi ni za nati ambazo gari lako halina. Kwa hilo gari, spana za milimita 8, 10, 12, 14 na 17 zitakumalizia karibu kazi yote. Toa hizo na soketi zake, weka bisibisi mbili, plaizi nzuri, waya wa kufungia, insuletapu, klipu za hozi, fyuzi za akiba na tochi ya kuvaa kichwani. Mwombe fundi wa kushona viti vya magari akutengenezee kipande cha turubai chenye mifuko, uvikunje humo na kufunga kwa kamba. Havitagongana njia nzima, na turubai lenyewe utalilalia ukitaka kuchungulia chini ya gari. Sanduku libaki nyumbani.

Ila kinachonisumbua hasa ni nati za magurudumu. Zako ni za 19, na Toyota nyingi ni 21, kwa hiyo hata msamaria mwenye Land Cruiser akisimama, spana yake huenda isikufae. Na kuwa na yako pia hakutoshi. Mwaka jana kwenye barabara ya Magadi tulipata pancha, mimi na kaka yangu, saa saba mchana. Gereji moja ilikuwa imekaza nati zetu kwa mashine ya upepo. Kaka alisimama na uzito wake wote juu ya ile spana fupi iliyokuja na gari, ikapinda, nati hazikutikisika. Dereva wa lori ndiye aliyetuokoa: alikuwa na bomba refu la chuma, akalichomeka kwenye mkono wa spana, akasukuma taratibu, nati ikalia na kuachia.

Sasa nakuomba, kabla ya Ijumaa, zifungue zote kwa mkono wako. Si fundi, wewe. Inua gari kwa jeki yako mwenyewe, toa gurudumu, weka lile la akiba, ukaze tena. Pima na upepo wa hilo la akiba, maana huwa linasahaulika pale kwenye mlango wa nyuma wa gari. Pitia Grogan, kwenye vipuri vya magari, ununue spana ya 19 yenye mkono mrefu. Na ubao mnene wa kuweka chini ya jeki, kwa sababu kwenye mchanga jeki inazama badala ya kuinua.

Unajua njia yenyewe: lami hadi Laisamis, kisha zaidi ya kilomita 200 za murram. Ukikaribia ziwa kuna yale mawe meusi ya volkeno, na yakikata tairi ubavuni, plagi za pancha hazisaidii kitu. Ukipata tairi la pili la akiba, lifunge juu ya paa hata kama litakula mafuta. Pampu nunua ya kushika moja kwa moja kwenye betri. Ile ya kuchomeka pa kuwashia sigara huweza kuunguza fyuzi. Kamba ya kuvutia beba, lakini asikudanganye mtu aifunge kwenye ile tufe ya trela. Tufe hiyo ikikatika huruka kama risasi, imeua watu.

Yaani nikikuwaza na watoto pale juani na nati zimegoma... zifungue, Mwende, tafadhali.

Gari lako ni lile la kubonyeza kitufe cha 4WD, magurudumu yote manne yavute? Kama ndilo, umeangalia zile hozi nyembamba za vakyumu, za kufyonza hewa, zinazoenda kwenye magurudumu ya mbele? Zikipasuka, magurudumu hayo hayashiki, kwa hiyo beba mita moja ya akiba. Musyoka anakuja na gari lake au mko peke yenu? Mtalala Laisamis au mtapitiliza? Na lile bomba, nilitafuta kama hilo nikalipata, liko hapa kwangu. Alhamisi jioni utakuwa nyumbani nikuletee?

Wako,
Atieno