Jumatatu chekechea

Wazazi wenzangu, habari za jioni. Jumatatu watoto wetu wanaanza chekechea, na kilio getini kitakuwepo, msishtuke. Tafadhali tusimtoroke mtoto akigeuka. Akigundua umetoweka, kesho yake atakung'ang'ania tangu nyumbani. Muage, mwambie utamfuata wakishamaliza uji na michezo, kisha nenda, na urudi kweli. Wangu mwaka jana alishika pindo la kanga yangu siku tatu. Ya nne nikamkatia kipande, akakitia mfukoni, akaingia darasani mwenyewe. Nililia mimi!

Wafundisheni kusema "mwalimu, naomba kwenda chooni" na kuvua kaptula bila msaada. Viatu viwe vya kubandika, si vya kamba. Mwenye wasiwasi anipigie hata usiku huu.