Kaka, Sheria ya Karafuu Ulikuwa Uje Utusomee

Assalamu alaikum kaka,

Ujumbe wako nimeupata. Unataka nizungumze na wazee wakupe radhi, urudi kugombea uwakilishi, na unasema yaliyopita tuyaache. Nakujibu hapa mbele ya watu kwa sababu kila nilipokuuliza faraghani ulinyamaza, na jimbo lile si la ukoo wetu peke yake.

Haki yako nakupa kwanza. Ulikwenda Shimoni, Kenya, na waliokimbia machafuko ya Januari 2001, ukarudi bila kinyongo, ukafundisha watoto wetu. Ulipoingia Baraza la Wawakilishi la Zanzibar 2005 hukuona haya kusema kwamba mtu wa Pemba anapanda mkarafuu, anauchuma, anauanika, na bei anapangiwa. Mlilisema hilo wengi. Bei ilipofika 15,000 kwa kilo mwaka 2011, watu waliezua makuti wakaezeka bati. Baba akaezeka na banda la uani, akawa anawaambia wachumaji, "Mwanangu yuko Chukwani," kule Unguja lilipo Baraza. Mwanangu, kaka. Hakusema mtoto wa kaka yangu.

Lakini lile jamvi silisahau.

Kampeni za 2010, karafuu zimekubali, mapakacha yamejaa hadi barazani. Tunakonyoa, tunatenga karafuu na makonyo yake, usiku kwa karabai maana vishada havingoji asubuhi. Ukaja, ukawaacha watu wako barabarani, ukakunja mikono ya kanzu ukakaa kati ya Mama na shangazi. Ulikonyoa mpaka vidole vikawa vyeusi. Ukasema, na hukuombwa na mtu: "Haitapita sheria ya karafuu kabla sijaja kuisoma juu ya jamvi hili." Shangazi alipiga kigelegele. Baba alikumiminia chai mwenyewe, na unajua Baba hakuwa mtu wa kumimina chai.

Sheria ikapita 2014. Tuliisikia redioni.

Sisemi ni mbaya yote. Magendo yalikuwa yanaila Pemba, na anayechanganya makonyo na karafuu safi anatuharibia jina sote. Ila imeandikwa ndani yake kwamba mkarafuu haukatwi bila kibali, na karafuu haiuzwi popote ila kwa shirika la serikali. Hayo yanamgusa mtu aliyepewa eka tatu baada ya Mapinduzi akazihudumia kwa mikono yake. Ndiyo maana Idi ile, baada ya pilau, Baba alikuuliza kwa adabu zote: "Mwanangu, ule mkarafuu uliokauka karibu na kisima, nikiukata nina kosa?"

Ulikuwa unatazama simu. Ukamjibu: "Ami, hayo mambo ya kitaalamu. Nitakuletea mtu akueleze."

Mtu hakuja. Mkarafuu Baba hakuukata. Kila akipita pale anauzunguka, na kila tukimwambia aukate kuni anasema ngojeni kwanza, mtoto ataleta mtu. Baba amekufa, mti umesimama. Ada yako ya chuo ilitoka juu ya mikarafuu ile, kaka, na mzee alipanda mwenyewe akiwa na goti bovu ili asilipe mchumaji.

Kama unarudi kweli, nikushauri. Mswada hauangukii Barazani siku moja. Unasomwa mara ya kwanza, unakwenda kamati, kamati inasikiliza watu, ndiyo unarudi kujadiliwa. Hapo katikati ndipo ulipokuwa na nafasi ya kupanda boti na karatasi zako. Hata jioni moja ingetosha. Wazee wale wangekupa vifungu ambavyo mwanasheria wa mjini havijui: nini kinafanyika karafuu zikinyeshewa zikapauka, nani analisha familia ya aliyeanguka juu ya mti. Ungesimama Chukwani na maneno yao. Usiponizingatia mimi, zingatia hilo.

Sasa kuhusu mkutano wa kampeni wa 2015. Umewaambia ndugu kwamba nilikuaibisha. Nilishika kipaza sauti nikauliza swali la Baba, kwa maneno ya Baba, sikuongeza hata moja. Wewe ulitaka aulize nani? Mama alikuwa ndiyo kwanza ametoka eda. Mzee mwenyewe hayupo. Wanaume wa mtaa walikuwa wanangoja fulana. Ningekaa kimya, swali lile lingezikwa naye, na hilo nisingekubali, wala leo silikubali. Na kura yangu nilikupigia. Uchaguzi ulipofutwa tarehe 28 Oktoba, wewe umeshashika shahada ya ushindi mkononi, nililia kama nimefiwa tena. Chama chako kiliposema hakiingii, kura za marudio za Machi 2016 hatukwenda kupiga, nyumba nzima. Nilikupelekea Unguja muhogo na samli, nikapiga simu, hukupokea. Sasa niambie nani alimwacha mwenzake.

Wazee sitazungumza nao. Bado wako hai watatu waliokuwepo usiku ule, na shangazi akili zake ziko timamu kabisa. Njoo msimu huu, karafuu zikianza kuanikwa. Njoo bila fulana na bila gari za watu. Chukua nakala ya ile sheria, ukae, uwasomee kifungu kwa kifungu, na wakiuliza kuhusu mti wa kisimani uwajibu wewe, usiseme utaleta mtu. Wakikupa radhi baada ya hapo, fomu nitakusindikiza mimi mwenyewe kuichukua.

Mama anakusalimu. Anauliza kama ile presha unaipimisha.

Mdogo wako.