Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Safari ya Fomu ya Mkopo, Kabla ya Kununua Mfumo

Ndugu wanachama,

Mkutano Mkuu uliopita uliiagiza Bodi inunue mfumo wa kompyuta wa mikopo. Mfumo bado haujanunuliwa, na mnatudai maelezo. Bodi iliona kwanza tuchore kazi inavyofanyika hasa, kwa sababu programu hutii utaratibu inaopewa. Ukiipa utaratibu wenye kasoro, itaizalisha kasoro hiyo kwa kasi zaidi.

Tulichukua mchakato mmoja tu, mkopo wa maendeleo, kuanzia mwanachama anapochukua fomu hadi kato lake la kwanza kutoka mshahara linapoingia. Walioulizwa ni wanaoishika fomu yenyewe: karani wa mapokezi, afisa mikopo, mhasibu na katibu wa Kamati ya Mikopo. Kila hatua iliandikwa kwa kitenzi kwenye kikaratasi chake, "hakiki akiba", "piga muhuri", kikabandikwa ukutani kwenye safu ya cheo kinachohusika. Majina ya watu hayakuandikwa, maana mtumishi anayehisi anachunguzwa hueleza kanuni zinavyosema na kuficha anavyofanya.

Mchoro safi umefuata BPMN, mfumo wa alama za kuchorea michakato ya kazi, ambao toleo lake la 2.0 lilitoka mwaka 2011 na kuwa kiwango cha kimataifa ISO/IEC 19510 mwaka 2013. Alama zipo nyingi, lakini chache zimetutosha: duara jembamba la mwanzo, duara nene la mwisho, mstatili wenye pembe za mviringo kwa kazi, umbo la almasi kwa uamuzi, na mishale. Mzabuni yeyote anayejua kazi yake atazisoma.

Kisha tulitoa kabatini mafaili ya mikopo iliyokwisha kulipwa, tukayapitisha kwenye mchoro moja baada ya jingine. Faili likigoma kupita, mchoro ndio wenye kosa. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba wadhamini huhakikiwa mara mbili, na afisa mikopo na tena na mhasibu, kwa kuwa fomu haina kisanduku cha saini ya aliyehakiki kwanza. Kisanduku kimeongezwa. Hakikuhitaji kompyuta.

Jambo zito zaidi lilikuwa kwenye mshale mmoja, ule wa kutoka kwa mhasibu kwenda kwa mwajiri. Orodha ya makato hupelekwa tarehe 10 ya kila mwezi. Mkopo uliotolewa kwa mwanachama tarehe 12 haumo katika orodha hiyo, kwa hiyo kato huanza mwezi unaofuata, ilhali leja yetu ilihesabu rejesho la kwanza mwisho wa mwezi uleule. Mwanachama asiye na kosa lolote akaonekana ana malimbikizo na kutozwa adhabu. Waliolalamikia jambo hili walikuwa na haki. Kuanzia sasa rejesho la kwanza linahesabiwa kutoka orodha ya kwanza yenye jina la mkopaji, na kanuni hiyo imeandikwa kwenye mchoro ili mfumo uje nayo.

Kwenye kila hatua tuliandika pia muda wa kazi na muda wa kusubiri, kila mmoja peke yake. Kamati ilikuwa ikikutana mara moja kwa mwezi, hivyo fomu iliyofika siku moja baada ya kikao iliweza kulala mezani siku 30, wakati kuisoma hakufiki nusu saa. Kamati sasa inakutana mara mbili kwa mwezi.

Mchoro wa pili, wa kazi itakavyokuwa, utaambatishwa kwenye hati ya zabuni. Kila kazi itakayofanywa na mfumo imeandikiwa taarifa zinazoingia, kanuni ya uamuzi (kwa mfano, mshahara unaobaki usipungue theluthi moja), taarifa zinazotoka, na nani anaruhusiwa kuziona. Hili la mwisho linatubana kisheria tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nasi tulikuta nakala za hati za mshahara zikihifadhiwa sehemu tatu. Itabaki moja. Wazabuni watafanya onesho kwa fomu zetu, zikiwemo zenye kasoro: mdhamini aliyejitoa, mkopo wa nyongeza, saini iliyokosekana. Onesho la fomu nyoofu halituambii kitu.

Mchakato wa kujitoa uanachama haujachorwa bado. Tutauanza robo ya kwanza ya mwaka ujao.

Bodi inaomba Mkutano uidhinishe zabuni itangazwe baada tu ya leja kusafishwa. Zimo namba za uanachama zilizojirudia, na zikihamishwa hivyo akiba ya mmoja itasomeka kwa mwingine. Kila mwanachama apite dirishani na kitabu chake cha akiba, alinganishe namba, jina na salio na leja, kisha asaini mbele ya karani.