Jumapili: albamu za maumivu ya mapenzi
Wapendwa, hamjambo? Jumapili saa kumi jioni tunasikiliza Lady in Satin ya Billie Holiday, mwimbaji wa jazz wa Marekani, ya 1958. Naomba tuisikilize yote, bila kuruka wimbo. Sauti yake hapo imekwaruza, pumzi inakatika katikati ya mstari, huku fidla nyuma yake zikiteleza kama hariri. Mwaka uliofuata alifariki. Juzi niliiweka nikikunja nguo, nikajikuta nimekaa chini nalia, shati mkononi.

Muda ukibaki, tutaweka Completely Well ya B.B. King, mwimbaji na mpiga gitaa wa blues, 1969.

Ni palepale Ujiji, chini ya mwembe. Bibi mwenye nyumba ameomba tupunguze sauti adhana ya magharibi ikiadhiniwa, tumheshimu. Mwenye spika ya kuchaji aje nayo.