Mtuulize dawa mapema, si siku ya kipimo

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Mwezi uliopita nilimsindikiza ba'mdogo kwenda kupimwa kongosho, kile kipimo cha kumeza mpira wenye kamera ila huu una na ultrasaundi kwenye ncha, wanaangalia na kuchukua kinyama humohumo. Tumekesha kwenye basi, mzee hajatia kitu mdomoni tangu saa mbili usiku, tunafika nesi anauliza unatumia dawa gani, mzee akatoa kopo lake la dawa za moyo za kuyeyusha damu. Ikawa basi, rudini wiki ijayo. Na karatasi waliyotupa ilikuwa na mstari mmoja tu, asile.

Safari ya pili ndo tukapata daktari wa kueleza. Kongosho limejificha nyuma ya mfuko wa chakula, ultrasaundi ya juu inazuiwa na gesi, ndo maana wanapitia ndani, halafu sindano nyembamba inatoboa ukuta wa huo mfuko kutokea ndani huku daktari anaiona kwenye skrini. Hakuna kisu wala nyuzi. Ila damu ikiwa nyepesi pale inaweza kuvuja, kwa hiyo dawa zile zinasimamishwa siku kadhaa, na anayeamua ni daktari, usije ukajiachishia mwenyewe ukaharibu moyo.

Mzee alivua meno ya bandia akayafunga kwenye leso, akapuliziwa dawa chungu kooni, hapo alishtuka kweli maana ganzi ikiingia unahisi kama huwezi kumeza mate, kumbe unaweza. Kalazwa ubavu wa kushoto, kang'ata kile kiplastiki chenye tundu, kachomwa dawa ya usingizi. Kama saa nzima hivi. Alivyoamka anataka chai, nesi kagoma mpaka ganzi iishe. Koo lilimuuma siku mbili, na kuendesha pikipiki marufuku mpaka kesho yake. Tukaambiwa pia maumivu makali ya tumbo, homa, kutapika au choo cheusi ni kurudi hospitali saa hiyohiyo, maana mara chache kongosho huvimba baada ya kuchomwa. Na kinyama kikiwa hakitoshi kipimo kinarudiwa.

Sasa haya yote si yanaenea kwenye karatasi moja ya Kiswahili jamani? Na hilo swali la dawa liulizwe siku ya kupanga tarehe, nauli ya watu wawili kwenda na kurudi si mchezo.

Majibu ya kipimo tunayasubiri, wiki ya pili hii.

Msomaji wenu, Morogoro